Chakula cha Mgeni: Je, Mtafiti Ana Haki ya Kuwahukumu Wenyeji Wake?

Kila mwanafunzi aliyewahi kukaa katika somo la mbinu za utafiti anaijua orodha. Mtafiti anayekwenda kuishi katika jamii ngeni atapambana na lugha asiyoijua, malaria, barabara zisizopitika wakati wa mvua, upweke, wenyeji wanaomdhania kuwa jasusi au mtoza kodi, na fedha zinazokwisha kabla kazi haijaisha. Orodha hii ni ya kweli na simdharau anayeifundisha. Hata hivyo naona imeacha jambo gumu kuliko yote, nalo si la mwili wala la mfuko. Mtafiti afanye nini anapowachukia watu aliokwenda kuwachunguza?

Swali hili si la kubuni. Liliwahi kutokea hapa kwetu Uganda, likajibiwa vibaya, na jibu lile likazunguka dunia. Colin Turnbull, mwanaanthropolojia aliyezaliwa Uingereza na kufanya kazi Marekani, alikuwa tayari ana jina kwa sababu ya kitabu chake The Forest People cha mwaka 1961, alichoandika juu ya Wambuti wa msitu wa Ituri nchini Kongo. Katikati ya miaka ya 1960 alikuja Karamoja, kaskazini-mashariki mwa Uganda, akaishi na Waik, watu wachache wanaokaa katika milima iliyo karibu na mipaka ya Kenya na nchi ambayo leo ni Sudan Kusini. Miaka ile kulikuwa na ukame na njaa kali. Mwaka 1972 akatoa kitabu kingine, The Mountain People, na humo akawaeleza Waik kuwa watu waliopoteza utu. Wazee, kwa maelezo yake, waliachwa wafe. Watoto walitolewa nje ya nyumba wakiwa wadogo wakajitafutie. Mtu alikula kwa kujificha asije akaombwa, na aliyeanguka alichekwa. Upendo, alisema, ulikuwa umekufa, na kilichobaki kilikuwa kundi la watu ambao kila mmoja alijiishia mwenyewe.

Kitabu kilipendwa mno. Mwaka 1975 Peter Brook, mwongozaji maarufu wa tamthilia, alikigeuza kuwa mchezo wa jukwaani mjini Paris. Lewis Thomas, daktari na mwandishi wa Marekani, aliandika insha akiwatumia Waik kama mfano wa kutafakari tabia za mataifa na miji. Hivyo watu wa vijiji vichache vya milimani, ambao wengi wao hawakuwahi kufika hata Kampala, wakawa methali huko Ulaya na Marekani: ukitaka kumtisha mtu kuhusu mwisho wa ubinadamu, mtajie Waik.

Nilikisoma kitabu hiki katika nakala ya maktaba iliyojaa mistari ya penseli ya wanafunzi waliotutangulia. Pembezoni mwa ukurasa mmoja mtu ameandika neno moja tu: kweli? Nadhani huyo alikuwa msomaji mzuri kuliko wengi waliolipa tikiti kule Paris.

Tuanze na njaa, maana ndiyo kiini. Waswahili husema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kwa kawaida tunaisema methali hii kumlaumu tajiri asiyetoa. Kwa mtafiti ina maana nyingine tena: mwenye shibe hamwoni mwenye njaa sawasawa, hata akimtazama kutwa nzima. Turnbull hakuwa na njaa. Alikuwa na gari, alikuwa na akiba ya chakula kilichotoka mbali, na hakuficha katika maandishi yake kwamba alizoea kula peke yake, mbali na macho ya watu, kwa kuwa hakuweza kuwalisha wote. Simlaumu kwa hilo. Mtu mmoja hawezi kukilisha kijiji kwa masanduku machache ya makopo, na mtafiti akifa njaa hajamsaidia mtu. Lakini tazama kinachotokea. Mtu wa Ik akila kwa kujificha, imeandikwa kwamba amepoteza utu. Mgeni akila kwa kujificha, imeandikwa kwamba hali ilikuwa ngumu. Kitendo ni kilekile, tena mwenye sababu kubwa zaidi ya kujificha ni yule ambaye akigundulika atakosa mlo wa siku tatu. Mmoja amepewa tabia, mwingine amepewa mazingira.

Hapa ndipo naona kosa la msingi, nalo ni kosa la kimaadili kabla halijawa la kisayansi. Sisemi Turnbull alitunga. Njaa kubwa hufanya mambo mabaya kila mahali. Historia ya Ulaya yenyewe imejaa miji iliyozingirwa ambamo watu walifanya mambo wasiyotaka kuyasimulia baadaye. Wala hakuna mtu aliyewahi kusema kwamba hayo ndiyo utamaduni wa miji hiyo. Kwa Waik, hali ya miaka miwili ikaandikwa kama asili ya watu. Angeandika kitabu juu ya njaa, kingekuwa kitabu cha kutisha na cha manufaa. Aliandika kitabu juu ya Waik.

Akaenda mbele zaidi ya kuandika. Alipendekeza kwa serikali kwamba Waik watawanywe nchini katika vikundi vidogovidogo, bila kujali udugu, ili jamii yao isiendelee kuwapo. Serikali haikufanya hivyo, na tushukuru kwamba maofisa wetu wa wakati huo walikuwa na shughuli nyingine. Lakini fikiria uzito wake. Mgeni aliyekaribishwa, akapewa mahali pa kujenga, akafundishwa maneno ya kwanza ya lugha, anaondoka na shauri kwamba wenyeji wake wavunjwe, mtoto huku na mama kule. Sidhani kuna orodha ya matatizo ya uwandani inayotutayarisha kwa jambo la namna hii, kwa sababu orodha zetu zote hudhani kwamba anayeweza kuumia ni mtafiti.

Utaniuliza: kwa nini tuanze na mabaya ya huyu mmoja, wakati wako waliofanya kazi nzuri? Nakubali wako. Na nikiwatazama hao wazuri naliona tatizo lilelile, ila limevaa nguo safi. E. E. Evans-Pritchard, ambaye kitabu chake juu ya Wanuer cha mwaka 1940 bado kinasomwa kila mahali, alikwenda kwao mwaka 1930 kwa ombi la serikali ya kikoloni ya Sudan, muda mfupi baada ya serikali hiyohiyo kuwapiga kwa silaha. Yeye mwenyewe anasimulia jinsi asubuhi moja askari wa serikali walivyoizingira kambi aliyokuwa akiishi, wakiwatafuta manabii wawili walioongoza uasi, wakachukua mateka. Ilimbidi aondoke. Anasimulia pia, kwa ucheshi wa mtu aliyechoka, jinsi alivyomwuliza Mnuer mmoja jina lake na la ukoo wake, na yule akazungusha maneno, akauliza yeye anataka kuyajua ya nini, mpaka mgeni akakata tamaa. Vitabu vya mbinu hukitaja kisa hiki kama mfano wa wenyeji wagumu. Mimi nikikisoma namwona mtu mwenye akili timamu. Watu wa rangi ya huyu mgeni wamekuja na bunduki wakitafuta majina, naye anauliza jina. Ungemjibu?

Evans-Pritchard alikuwa na heshima ya kuyaandika haya katika utangulizi wake, na kwa hiyo sisi tunaweza kumpima. Msomaji anajua askari walikuwako. Katika kitabu juu ya Waik pia yapo mambo ya namna hiyo, ila yamesukumwa nyuma. Bonde la Kidepo lilitangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1962, mwaka uleule tuliopata uhuru, na uwindaji humo ukawa kosa. Turnbull analitaja hilo kama chanzo cha maafa. Lakini anapofika kwenye kuhukumu, hifadhi haimo kizimbani, ukame haumo kizimbani, wezi wa mifugo wenye silaha wanaopita milimani hawamo. Wamo Waik peke yao.

Suala la lugha nalo nisilipite haraka, kwa kuwa sisi tunaosoma Kiswahili ndilo letu. Mwanzuoni wetu Okot p'Bitek, aliyesomea anthropolojia ya jamii Oxford, anaeleza habari moja ambayo kila mtafiti angepaswa kuibandika ukutani. Mwaka 1911 mapadri wa Kiitalia waliwauliza wazee wa Kiacholi: nani aliyewaumba? Katika lugha yao hakukuwa na neno la kuumba kwa maana ya mapadri, kwa hiyo swali likageuka kuwa: nani aliyewafinyanga? Wazee wakashangaa, maana watu huzaliwa na mama zao, hawafinyangwi kama vyungu. Wakasema hawajui. Mapadri hawakuridhika, wakasisitiza wapewe jibu. Mzee mmoja akakumbuka kwamba kuna ugonjwa wa uti wa mgongo unaompinda mtu akawa na kibyongo, na ugonjwa huo huletwa na Rubanga. Basi akajibu kwamba anayewafinyanga watu ni Rubanga. Mapadri wakafurahi, wakalichukua jina hilo kuwa jina la Mungu, na mpaka leo Wakristo wa Acholi wanalitumia kanisani.

Mapadri hawakuwa wanaanthropolojia, lakini kazi ilikuwa ileile: kuuliza, kusisitiza, kuandika. Ninachokiona hapa ni kwamba hakuna aliyedanganya. Mzee alijibu kwa uaminifu swali alilosikia. Padri aliandika kwa uaminifu jibu alilosikia. Uongo ulizaliwa katikati, pale ambapo mwenye kuuliza alikuwa na haraka na hakukubali jibu la kwanza, ambalo ndilo lilikuwa sahihi: hatujui unauliza nini.

Lugha ya Waik ni ngumu kwa mgeni yeyote, hata kwa majirani zao. Haina undugu wa karibu na Kikarimojong wala na Kiturkana. Jamaa zake ni lugha ndogo mbili tu za Karamoja, ambazo nazo zinakufa au zimekwisha kufa. Bernd Heine, mwanaisimu Mjerumani aliyekuja miaka ya 1980 kuichunguza lugha hiyo, aliandika mwaka 1985 kwamba Waik aliowakuta walikuwa tofauti na wale wa kitabu kiasi cha kumfanya ajiulize kama wanazungumzia watu walewale. Alieleza kwamba Turnbull hakuimudu lugha vya kutosha, kwamba baadhi ya watu aliowategemea kwa habari hawakuwa Waik kabisa, na kwamba Waik kimsingi ni wakulima, si wawindaji waliofukuzwa porini kama kitabu kinavyosema. Nikilitafsiri hili kwa lugha ya mtaani: mtu alikwenda kusikiliza kesi, hakuielewa lugha ya washtakiwa, mashahidi wengine walikuwa wapita njia, na hukumu akaitoa.

Baadaye wakaja wengine. Kundi la watafiti, miongoni mwao Cathryn Townsend na Athena Aktipis, lilifanya kazi kwa Waik na kuchapisha matokeo mwaka 2020. Waliwakuta watu wanaogawana chakula hata katika shida, wanaoamini kwamba pepo wa ardhi hupendezwa na mtu mkarimu, na ambao walipopimwa kwa majaribio ya ukarimu hawakuwa nyuma ya jamii nyingine za dunia. Wakafikia kauli kwamba kilichoonwa miaka ya 1960 kilikuwa kazi ya njaa, si kazi ya utamaduni. Nimefurahi kusoma hayo. Lakini ninayo manung'uniko madogo: ilichukua takriban nusu karne kwa watu wa nje kuja kuthibitisha kwa vipimo kwamba watu fulani wa nchi yangu wana utu. Waik wenyewe walikuwa wanalijua hilo muda wote. Hakuna aliyewauliza kwa namna ya kuliandika.

Sasa niugeukie upande wa pili, maana nisipofanya hivyo nitakuwa nimefanya kama Turnbull. Wapo wanafunzi wenzangu wanaosema: basi mtafiti asihukumu kamwe. Aandike anachokiona, anyamaze. Kila utamaduni una mizani yake, na mgeni hana haki ya kuleta ya kwake. Hoja hii inapendwa sana katika mijadala yetu kwa sababu inasikika kama heshima. Mimi naikataa. Kwanza haiwezekani. Anayechagua kuandika kwamba mtoto alifungiwa nje, na si kwamba shangazi alimpa uji jioni, ameshahukumu kwa kuchagua. Pili, ni heshima ya uongo. Kumwambia mtu kwamba matendo yake hayawezi kuwa mabaya ni kumwambia kwamba hayawezi pia kuwa mema, yaani unamtazama kama mvua au mdudu. Mtu mzima anastahili kulaumiwa anapokosea. Bibi yangu akikukuta unamnyima jirani chumvi hatasema huo ndio utamaduni wako.

Tena kuna jambo moja la kumtetea Turnbull ambalo wengi hawalisemi. Aliandika chuki yake waziwazi, kwa jina lake, akiwa hai. Bronisław Malinowski, ambaye twafundishwa kwamba ndiye baba wa utafiti wa kuishi na watu, aliishi katika visiwa vya Trobriand wakati wa Vita Kuu ya Kwanza na kuandika vitabu vilivyojaa utulivu na huruma. Mwaka 1967, miaka mingi baada ya kifo chake, mjane wake alichapisha shajara yake ya faragha, na humo watu wakasoma uchovu, hasira, tamaa na maneno ya dharau kwa wenyeji walewale. Yupi mwaminifu zaidi, aliyeificha chuki na kuandika kwa haki, au aliyeitoa chuki na kuandika kwa dhuluma? Nimelibishania swali hili na wenzangu bwenini hadi usiku, na jibu langu ni kwamba tunamhitaji yule wa kwanza, lakini tungemshukuru zaidi kama angetuachia shajara yenyewe akiwa hai. Chuki ya mtafiti ni sehemu ya habari. Inamwambia msomaji kioo kimepinda wapi. Kosa la Turnbull halikuwa kuionyesha. Kosa lilikuwa kuichukua kuwa ushahidi, kana kwamba kwa kuwa mimi nimechukia, basi wao ni wa kuchukiwa. Mkosoaji mmoja wa wakati ule, T. O. Beidelman, alisema karibu hivyo: kwamba kitabu kile kilikuwa picha ya mwandishi mwenyewe, na Waik walikuwa vifaa vya kuichorea.

Kwa hiyo siulizi kama mtafiti ahukumu, nauliza ni katika masharti gani. Nayaona mawili, na sidai kwamba yanatosha. La kwanza ni mizani moja: jambo ambalo mtafiti angejisamehe yeye mwenyewe, au ndugu zake, kwa sababu ya hali, asilihesabu kuwa tabia kwa wenyeji. La pili ni kwamba anayehukumiwa aweze kujibu. Hili ni zito zaidi. Tukigombana mimi nawe tunaojuana, ukinisema vibaya nitakujibu sokoni, kanisani, msibani. Kitabu kikiandikwa kwa Kiingereza na kuuzwa New York juu ya watu wa milima ya Karamoja, jibu lao litatoka wapi? Shirika la Wanaanthropolojia wa Marekani lilitoa mwaka 1971 kanuni zinazosema kwamba wajibu wa kwanza wa mtafiti ni kwa watu anaowachunguza. Kitabu kikatoka mwaka uliofuata. Mwaka 1974 Fredrik Barth, mwanaanthropolojia wa Norway, akamtaka mwenzake ajibu hadharani kwa alichofanya. Ni vizuri kwamba aliitwa ajibu. Lakini tazama ni nani alimwita, na mbele ya nani.

Nasema haya nikiwa na jambo la nyumbani. Bibi yangu alikaa miaka mingi katika kambi ya wakimbizi wa ndani kaskazini mwa nchi, wakati wa vita. Husimulia kwamba katika kambi kulikuwa na vitu viwili visivyokosekana, matope na watu wenye fomu. Walikuja wa shirika hili, wa chuo kile, wa nchi fulani, wakauliza maswali yaleyale: umefiwa na wangapi, ulitekwa lini, unalala vipi usiku. Baada ya muda kina mama walijua jibu lipi linamaliza mahojiano mapema na jibu lipi linamfanya mgeni atoe kitambaa. Bibi hakuwa mwongo. Alikuwa amechoka kuwa shamba ambalo kila mtu huvuna na hakuna anayelima. Anachokumbuka kwa chuki si maswali. Ni kwamba hakuna hata mmoja aliyewahi kurudi kumwambia majibu yake yalikwenda wapi. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, ndivyo wasemavyo Waswahili, na bibi, ingawa Kiswahili chake ni cha askari na wafanyabiashara, husema jambo hilohilo kwa Kiacholi. Mtafiti ni mgeni wa ajabu: anakaa miezi kumi na minane na hajawahi kushika jembe, na akiondoka ndiye aliyevuna kuliko wote.

Lipo jambo jingine ambalo wanafunzi wa Kiafrika hatupendi kuliambiana. Tunapoyasoma makosa ya Waingereza na Wamarekani tunajisikia salama, kana kwamba rangi yetu ni kibali cha utafiti. Okot p'Bitek anaeleza jinsi alivyompinga mwalimu wake Oxford, tangu mhadhara wa kwanza, kwa kuwaita watu wasio wa Magharibi washenzi, na jinsi kupinga kwake kulivyokosa msikilizaji. Sote tunampigia makofi. Lakini sisi tuliokulia kusini mwa Uganda au hata Gulu, tunasemaje juu ya Karamoja? Ule usemi kwamba nchi haitangoja Karamoja iendelee unajulikana na kila Mganda, na wengi husema wakicheka. Watoto wa Karamoja wanaoombaomba katika barabara za Kampala tunawapita kama nguzo za umeme. Hata jina la Teuso, ambalo zamani Waik waliitwa katika maandishi, ni jina walilobandikwa na majirani zao wafugaji. Mwanafunzi wa Kampala akipanda basi kwenda Kaabong kufanya utafiti wa shahada ya kwanza, anakwenda ugenini kama alivyokwenda Turnbull, tena ana hatari moja zaidi: anadhani yuko nyumbani. Mgeni wa mbali anajua kwamba hajui. Sisi tunabeba majibu tangu shuleni.

Na Kiswahili, ambacho katika kurasa hizi tunakipenda na kukitetea? Katika vijiji vingi vya kaskazini Kiswahili kilifika kikiwa mdomoni mwa askari. Mtafiti anayefika na kuanza kwa Kiswahili sanifu cha darasani anaweza kudhani ameleta lugha ya udugu wa Afrika Mashariki, kumbe mzee aliye mbele yake amekumbuka kituo cha ukaguzi. Sisemi tukiache. Nasema tuulize kwanza mtu anakisikiaje.

Mambo yamebadilika kidogo. Leo mtafiti hawezi kuingia kijijini bila kibali cha Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, na kabla ya hapo kamati ya maadili inaisoma mipango yake. Mhojiwa hutia saini au kidole gumba kwamba amekubali. Mwaka 2017 kamusi na sarufi ya lugha ya Waik iliyoandaliwa na Terrill Schrock ilichapishwa, na yeyote anaweza kuisoma bure. Waik sasa wana jimbo lao la uchaguzi, na tangu mwaka 2016 wana mbunge. Haya si madogo. Ila ile karatasi ya ridhaa tunayoibeba inaisha siku ya mahojiano. Inamlinda mtoa habari asiulizwe bila hiari, na haimlindi hata kidogo na sentensi nitakayoiandika usiku ule nikiwa nimechoka, nimenyimwa maji, na nimekwisha kumchukia.

Kwa hiyo ninalo pendekezo dogo kwa idara zetu, ambalo nimewahi kulitoa darasani na kuambiwa kwamba ni gharama. Tasnifu yoyote iliyotokana na kuishi na watu isomwe kwa watu hao, kwa lugha yao, kabla haijapigwa muhuri. Si muhtasari wa sifa, bali zile kurasa ambazo mtafiti angependa wasizisikie. Wakipinga, mapinzani yao yaandikwe ndani ya tasnifu, palepale penye hoja, si kwenye kiambatisho. Mtafiti haamriwi kubadili neno hata moja. Anaweza kubaki na hukumu yake, mradi aitamke mbele ya mwenye kuhukumiwa na alale kijijini usiku huo. Mhadhiri wangu aliniuliza nani atalipa nauli ya kurudi Karamoja mara ya pili. Ni swali la haki, na nilipiga hesabu: basi la kutoka Kampala hadi Kaabong, malazi ya siku tatu, mkalimani, na unga na sukari ya kupeleka, maana huendi mikono mitupu. Jumla haikufikia gharama ya kuchapa na kujalidi nakala tano ambazo chuo hunidai niwasilishe.